Mabakuli ya Mti wa Avoka

Kasongo, kwenye atelye ya useremala ya misheni

Mdogo wangu Kalume,

Nakusalimu wewe na wote walioko nyumbani kwako Wamaza. Je, kifua chako kimetulia? Mimi mzima, ila magoti yananisumbua na moyo ni mzito. Sikiliza sababu.

Jirani yangu hapa ni Mzee Ramazani, Mwislamu, muuza chumvi sokoni. Ndiye aliyenipokea nilipofika mji huu sina ndugu. Miezi miwili iliyopita alifiwa na mkewe, na wiki ileile upepo ukaangusha mti wa avoka ambao marehemu aliupanda uani kwa mkono wake. Ramazani akanijia.

"Fundi, unikerezee mabakuli kumi. Siku ya arobaini watu wakule mu mti wake."

Ugumu wake ni huu. Mti mbichi umejaa maji. Ukiukereza na kuuacha, nje hukauka upesi kuliko ndani, nao hupasuka. Kawaida tunangoja miezi mingi, lakini arobaini haingoji. Basi nikafuata njia tuliyofundishwa hapa: unachonga bakuli nene kwanza, unayeyusha sabuni nyingi katika maji ya moto, yakipoa unalizamisha. Mabakuli yalilala humo siku kumi. Nikayakausha kivulini taratibu, kisha nikayakereza tena hadi yakawa membamba. Hakuna hata moja lililopasuka. Nilipompelekea, Ramazani alilia, nami nikalia.

Kesho yake mpika sabuni wa misheni alinipongeza, akacheka: "Umeona nguvu ya nguruwe, mzee! Mawese yalipunguka, tukatia mafuta yake."

Nilikaa chini. Sikuwa nimeuliza sabuni ile imepikwa na nini. Kwetu sisi sabuni ni sabuni. Nikaondoka hivyo hivyo na vumbi la mbao, nikaenda kumwambia Ramazani.

Akauliza kwanza:

"Iko nani mwingine anajua?"

"Mimi, na mpika sabuni. Yeye hajui mabakuli ni ya nani."

"Basi ulikuja kufanya nini, fundi?"

"Ungekulia humo."

"Ningekula bila kujua, na Mungu angenisamehe. Sasa najua."

"Hayawezi kuoshwa?"

"Sabuni ililala ndani ya mti siku kumi. Niioshe na nini? Na sabuni?"

Akanirudishia yote kumi.

Siku ya arobaini watu walikula katika sahani za bati za kuazima. Nilikwenda, nikaketi nyuma. Hakuna aliyenifukuza. Ramazani mwenyewe alipita na birika akiwanawisha wageni mikono, mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwangu, akaniruka, akamwagia aliyeketi kando yangu.

Mabakuli yako chini ya kitanda changu. Kuyachoma siwezi, ni mti wa marehemu.

Nisalimie shangazi yetu, mkeo mvumilivu, na baba mkwe wako katekista. Umsomee barua hii aniombee. Nawe uniandikie bila kunihurumia: wewe ungenyamaza?

Ni mimi kaka yako, ninayekuwaza kila siku,
Mulamba