Valvu Nne za Mwanaamina

Jumanne, 6 Mei 1969

Leo nimehakikisha. Nilisimama nyuma ya Mwanaamina akipepeta mchele, nikaangusha sufuria makusudi. Kuku wakaruka. Jirani yetu Alzira akachungulia juu ya ua kuuliza kuna nini. Mke wangu — anapepeta tu. Mwezi uliopita angegeuka.

Homa ya masika ilimwachia roho ikachukua masikio. Tena haikuyachukua kwa mara moja. Inaiba kidogo kidogo, kama panya na gunia la mpunga. Mwanamke aliyekuwa akiongoza tufo, ngoma ya wanawake, wenzake ishirini wakimwitikia! Sasa akiimba anaweka mkono kooni ajue kama sauti inatoka.

Mchana aliniambia — siku hizi anapaza sauti bila kujua — kwamba santuri zetu anazisikia kwa mbali, kama zinapigwa Mtwara. Gramafoni yetu ni ya kuzungusha mkono, sauti yake ya kinyonge. Akasema angependa kuzisikia sawasawa mara moja, kabla mlango haujafungwa. Hakulia. Angelia ningepata la kufanya, ningembembeleza.

Basi nitatafuta mashine ya kukuza sauti. Amplificador, ndivyo wanavyoiita Wareno. Mimi karani wa mizani kwenye ghala la korosho, najua nini kuhusu amplificador? Najua kilo tu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda dukani kwa Dauto, Mocímboa mjini. Nilijiziba masikio kwa sufi ya mto, nikafunga kilemba juu yake, ili nisikie kama anavyosikia yeye. Langoni mwa mtaa wetu uliozungushiwa waya, sipai, askari wa Wareno, aliniuliza pasi, sikumsikia, nikaendelea kutembea. Karibu anipige na kitako cha bunduki. Nikamwambia nina jipu sikioni.

Dauto anazo mbili. Ya kwanza ina valvu mbili, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani. Ndogo, bei ya mtu kama mimi. Akaiwasha. Midomo ya Dauto niliiona ikicheza, mashine sikuisikia hata kidogo. Ya pili ina valvu sita, sanduku la mbao lenye vanishi. Hiyo niliisikia mpaka tumboni! Lakini inakula umeme wa mjini, na sisi ndani ya waya hatuna hata nguzo. Bei yake — mshahara wangu wa miezi mitano, nisile. Nikaizungukazunguka kama mnunuzi kweli, kisha nikashukuru.

Nilipotoa sufi Dauto alinicheka. Anasema tangu vita vianze hajapata mteja wa mashine ya kelele. Wote wanataka redio ya kunong'ona, waifunike blanketi, watege Dar es Salaam na hata mke asijue. Akaniuliza, wewe Tuaibo unataka mtaa mzima usikie? Nikamwambia nataka asikie mtu mmoja. Akaacha kucheka. Akanipa peremende, kana kwamba mimi mtoto.

Wanasema Mtwara ziko nyingi, nzuri, rahisi. Shangazi yangu yuko huko, na babu zangu wote wametoka upande huo. Lakini siku hizi anayevuka Ruvuma harudi, au anarudi na bunduki.

Jumatano, 14 Mei

Nimeipata! Kwa Armando, fundi magari. Sanduku la chuma, zito, limekwaruzika kila upande. Valvu nne. Inakwenda kwa betri ya lori. Ina honi ya bati, mdomo wake mpana kama sufuria ya pilau ya harusi. Nikamuuliza imetoka wapi. Akasema gereji. Siku hizi mwenye maswali mengi anajibiwa kituoni.

Ina tabia yake. Ukiiwasha haisemi kitu. Unangoja valvu ziwe nyekundu. Kisha inanguruma chini chini, halafu inakohoa mara mbili — kho, kho — kama mzee anayetaka kuhutubia. Ndipo sauti inatoka. Na sufi yangu yote masikioni, nilisikia kila kitu, hata Armando akivuta pumzi kwenye maikrofoni.

Maikrofoni sina haja nayo, nikamwambia. Akasema chukua tu, vinakwenda pamoja. Nimempa baiskeli yangu. Kuanzia kesho kazini kwa miguu. Haidhuru, miguu ninayo.

Jumatatu, 19 Mei

Sanduku limeingia nyumbani. Langoni walilipekua nusu saa wakitafuta redio ndani yake. Hakuna redio. Chefe mwenyewe, Mreno mkuu wa mtaa, alikuja, akalitazama, akatabasamu kidogo, akatia saini — chombo cha muziki, kipigwe mchana tu. Kile kitabasamu sikukielewa.

Lázaro, mume wa Alzira, ametutengenezea meza ya kulibeba. Seremala huyu ni Mmakonde wa huko uwanda wa juu, waliletwa na lori miaka miwili iliyopita, wakaambiwa hapa ndipo kwenu. Si msemaji. Nilitaka kumlipa akakataa, akasema atalipwa kwa nyimbo. Mwanaamina alimwelewa kwa kumtazama midomo, akacheka. Sijamwona akicheka tangu masika.

Honi bado iko kwa Armando, anaipaka rangi. Ataileta Alhamisi, na atafunga kichwa cha umeme kwenye mkono wa gramafoni. Kazini nimeshaomba ruhusa ya siku hiyo.

Mwanaamina kila saa analifuta vumbi. Chuma kile hakijapata kupendwa hivi.

Alhamisi, 22 Mei

Nitaandika yote kwa mpangilio, maana kichwa changu hakina mpangilio.

Saa nane Armando alimaliza kufunga, akaondoka. Honi imekuwa ya kijani, inameta. Nikaielekeza dirishani isije ikamwumiza, nikamweka Mwanaamina pembeni yake. Nikawasha. Valvu zikawa nyekundu. Ikanguruma. Ikakohoa mara mbili. Yeye bado hajasikia kitu. Nikashusha sindano.

Udi ukaanza — akainua kichwa. Pole pole, kama mtu aliyeitwa jina. Akasema, "Huyu anapiga kwa ukucha, si kwa kidole." Kitu ambacho mimi mwenye masikio sijapata kukigundua miaka yote! Akaanza kuimba naye, na sauti haikwenda upogo. Nililia. Naandika wazi kwa sababu hakuna atakayesoma. Nililia kama mtoto, wala sikutazama nje mpaka santuri ilipofika mwisho.

Nje hapakuwa na mtu. Jungu linachemka pale kwa jirani, hakuna mpishi. Ndala moja katikati ya njia. Mlango wa msikiti umefungwa. Mtaa mzima, watu mia tatu na zaidi — hakuna!

Kisha nikamwona Alzira nyuma ya choo chao, amejibanza, mtoto mgongoni. Yeye ndiye aliyeniambia. Ule mngurumo na kile kikohozi wanakijua wote. Ni gari la chefe. Huja mchana, hunguruma, hukohoa mara mbili, halafu sauti inaamuru watu watoke waje uwanjani, wanaume upande huu, wanawake ule. Mwaka jana baada ya kikohozi hicho walichukuliwa kumi na mmoja. Kwa hiyo watu hawangojei maneno. Na udi ulipoanza walifikiri ni mtego mpya.

Mimi mchana huwa ghalani mjini. Gari likija, mimi ninapima korosho. Miaka miwili naishi ndani ya waya huu, na kikohozi kile kwangu kilikuwa kichekesho!

Kufikia magharibi watu wamerudi mmoja mmoja. Hakuna aliyenisalimu. Lázaro hakurudi. Wamemwona akipita chini ya waya, upande wa mahindi.

Ijumaa, 23 Mei

Hajarudi.

Nje ya waya bila pasi, askari hawaulizi jina. Na wale wapiganaji wa porini wakimkuta mtu aliyetoka mtaa wa chefe, nao wana maswali yao. Alzira amekaa mlangoni tangu alfajiri. Nilimpelekea uji, akapokea, hakunywa.

Mwanaamina anataka santuri. Amezipanga zote saba, anaonyesha kwa kidole — hii, kisha hii. Nilimwandikia kwamba betri imekufa. Akasema basi nikaitie moto mjini. Akaipangusa honi.

Jumamosi, 24 Mei

Nimekwenda kwa Armando. Hakuficha. Ndiyo, ilikuwa kwenye gari la chefe, wameletewa mpya, hii ya zamani akaambiwa aitupe. Akasema, "Ulitaka inayosikika, Tuaibo. Hii wote wameisikia." Nilikunja ngumi. Nikaikunjua. Nimgombeze kwa lipi? Nilikuja na sufi masikioni, nikachagua mwenyewe.

Baiskeli ameshaiuza.

Leo mwadhini alipoadhini, Mwanaamina alikuwa ananitazama usoni ajue kama wakati umefika. Jana alikuwa bado anaisikia adhana, walau mwanzo wake. Leo hakuna. Mlango unafungwa, mashine iko mezani, betri imejaa. Nami nimekaa nayo chumba kimoja.

Jumatatu, 26 Mei

Alzira amekuja kabla sijaenda kazini. Amevaa nguo yake ya kanisani. Anataka mashine ipelekwe kwenye waya, upande wa mahindi, amwite mumewe, amwambie ilikuwa nyimbo tu.

Nikamwambia mashine hiyohiyo ndiyo iliyomkimbiza.

Akasema, "Najua, kaka. Lakini sauti yangu nimeshaijaribu siku nne. Haifiki hata kwenye mahindi. Hiyo inafika."

Nimekwenda kwa chefe kuomba kibali, nikitumaini atakataa, nirudi bila lawama. Akakubali papo hapo! Akafungua droo akatoa karatasi iliyopigwa taipu, tayari, kama alikuwa ananingoja. Mwanamke aseme yake, alisema. Kisha wewe usome hii, kwa Kiswahili na kwa Kimwani chetu cha pwani. Sauti ya karani wa mizani watu wanaijua, wataiamini kuliko ya sipai.

Na nisiposoma? Akasema basi hakuna kumwita mtu. Na itabidi tuzungumze upya kuhusu chombo cha muziki, na kuhusu seremala aliyekitengenezea meza kisha akatorokea porini.

Nimerudi na karatasi mfukoni. Nimemwambia Alzira kibali kimepatikana. Akanishika mikono yote miwili kunishukuru. La karatasi sikumwambia.

Jumatano, 28 Mei

Saa nne asubuhi, kwenye waya. Masipai wawili walibeba sanduku, mimi honi. Mwanaamina alikataa kubaki nyumbani. Nilimweleza kwamba Lázaro amepotea na tunakwenda kumwita, basi. Akaja kumshika Alzira mkono. Akakaa kitako chini, ubavuni mwa honi, kanga kichwani.

Tukangoja valvu. Nyuma yangu nikasikia milango inafungwa, mmoja mmoja, hata kabla ya kikohozi. Ikanguruma. Ikakohoa.

Alzira alishika maikrofoni kama anashika yai. Alisema Kimakonde, maneno machache, halafu jina la mumewe mara tatu. Sipai akamnyang'anya akanipa mimi.

Nikasoma. Tokeni. Msiogope. Hamtafanywa kitu. Atokaye leo ni ndugu, atakayebaki porini ni adui. Nikasoma kwa Kimwani. Sipai akazungusha kidole — tena. Nikasoma tena. Sauti yangu iligonga miti ikanirudia, na iliporudi haikuwa yangu, ilikuwa ya gari. Alzira alikuwa ananitazama. Anajua Kiswahili vizuri sana.

Mahindi yalitikisika sehemu moja. Huenda upepo. Hakutoka mtu.

Nilisoma mara tatu, ndipo sipai akasema tupumzike, tukanywe maji, saa sita tunarudia. Alzira hakuja nasi. Bado yuko pale kwenye waya.

Njia nzima Mwanaamina alinishika mkono, ananibana. Nikafikiri ni woga. Tulipoingia ndani akafungua kanga usoni — uso unang'aa! Macho yamejaa machozi, na anacheka. Akasema, "Mume wangu, nimekusikia. Sauti yako wewe, yote, haikupotea hata kidogo. Tangu masika sijaisikia."

Akanishika kidevu.

"Ulikuwa unawaambia nini?"

Sipai ananiita nje, ni saa sita. Mwanaamina amekaa mbele yangu, anangoja jibu. Amenichongea penseli mwenyewe, akanipa daftari. Anafikiri ninachoandika hapa ni jibu lake.