Kati ya Lukia na Rukia

Jumatatu, 3 Machi

Vipindi vitatu asubuhi, kimoja mchana. Madaftari bado yamerundikana mezani. Kidato cha Tatu tumeanza mighani, hadithi za mashujaa wa kale. Mmoja ameandika "shujaa arikura nyama yote". Nimezungushia nyekundu mpaka kalamu imeisha wino. Wahangaza wenzangu wanatia r kila mahali, Wasukuma wanatia l kila mahali, na mimi nipo katikati nagombana na herufi mbili tangu niajiriwe. Wanafunzi wananiita Mwalimu L na R. Wanadhani sijui.

Niliwapa hadithi ya Ntabaza, niliyoisikia kwa bibi yangu kule Mbuba. Kubaza, kwetu, ni kuuliza. Ntabaza ni asiyeuliza. Mnyama alikuwa anameza watu bondeni. Wazee wakakaa wakiulizana ni mnyama gani, katoka wapi, nani kamleta. Ntabaza akachukua mkuki akaenda. Akaua. Darasa lilipiga makofi.

Nikawapa na mwisho wake, ule ambao watu huuruka. Ntabaza akirudi nyumbani aliona kitu kimeinama ndani ya mtama. Hakuuliza. Alikuwa mama yake anapalilia.

Niliwaambia shujaa na kivuli chake wana mama mmoja: kilichomfanya aokoe kijiji ndicho kilichomfanya aue. Kipindi kizuri. Nilijipenda sana leo.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Nimetoka kanisani na msalaba kwenye paji, nikakuta filimbi za sungusungu, walinzi wa kijiji, zinalia. Mtoto wa jirani, miaka mitatu, amekufa kwa homa. Wiki iliyopita ng'ombe wanne waliibwa. Watu wameshaunganisha mambo mawili yasiyo na undugu.

Kamanda wa sungusungu, Masanja, ameitisha kura za siri Jumapili. Kila mtu aandike jina la mbaya wa kijiji. Alinijia mwenyewe mpaka mlangoni. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya kuku aliyeshiba. "Kalatasi utasoma wewe, Mwalimu. Wewe ndo unajua helufi."

Nilifurahi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: maiti ya mtoto iko nyumba ya tatu, na mimi nilifurahi kuchaguliwa.

Jumapili, 9 Machi

Niandike kama ilivyokuwa.

Watu walikaa kwenye nyasi mbele ya ofisi ya kijiji. Vikaratasi vikaingia kwenye ndoo. Nikapewa meza. Masanja akasimama nyuma ya kiti changu. Mtu mzito, anapumua kwa pua.

Majina mengi yalikuwa ya kura mojamoja. Matatu tu yalijirudia. La kwanza ni Lukia. Huyo ni Bibi Lukia wa bondeni, Msukuma, mjane. Anachimba dawa za mizizi, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa miaka yote. La pili ni Rukia. Huyo ni Bi Rukia wa mashine ya kusaga, Mwislamu. Wazee wake walitoka pwani wakaja kufanya biashara huku. Anafunga Ramadhani peke yake mtaa mzima, na watu hawamsamehei kwamba mashine yake haiharibiki. Wengi waliandika kabisa: "wa bondeni", "wa mashine". Hakukuwa na fumbo.

La tatu ni Masanja. Maana kila mtu anajua ng'ombe wa wizi hulala boma la nani kabla ya kuvuka mpaka.

Nilipanga mafungu matatu. Bibi Lukia tisa. Bi Rukia nane. Masanja kumi na nne.

Fungu lile lenye kura kumi na nne nikaliwekea kiganja juu. Akakohoa nyuma yangu. Hakusema kitu. Nataka niliandike vizuri hili: hakusema kitu. Sikutishwa. Nilijitisha mwenyewe. Mkono wangu ukachukua tisa na nane ukazigonganisha mezani zikawa fungu moja, kumi na saba, kama karani anayenyoosha karatasi.

Nani angebisha? Msukuma humwita Rukia Lukia. Mhangaza humwita Lukia Rukia. Na anayesoma ni Mwalimu L na R.

Kisha ilibidi nitamke. Jina moja. Bi Rukia ana kaka zake Biharamulo mjini, wana magari, wanajua njia ya mahakama. Bibi Lukia ana binti mmoja Geita. Nikasema, "Lukia." Nililitamka kwa l safi kabisa.

Vikaratasi vikachomwa palepale. Masanja akatoa hukumu: ametengwa. Asisalimiwe. Asipewe moto wala chumvi. Asichote maji na wenzake. Akiita, asiitikiwe. Atakayemjibu ataungana naye.

Bibi Lukia alikuwapo, nyuma kabisa, amekalia kanga. Alinyanyuka taratibu, magoti yanamsumbua. Akaangalia huku na huku kama mtu aliyesikia anaitwa.

Jumatatu, 10 Machi

Skola alikuwa anamenya ndizi. Akauliza bila kuinua uso, "Kweli waliandika Lukia?"

Nikasema waliandika.

Mke wangu ananijua. Alimenya ndizi nyingi kuliko tunavyoweza kula.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemaliza vivuli vyote vya wahusika wa mighani na Kidato cha Tatu. Mama mlezi: kivuli chake ni mama anayewabana watoto wasikue. Mjanja: anaishia kumuuza rafiki. Mtawala: analinda zizi mpaka anakuwa chui wake. Darasa lilicheka pale, kuna waliotazamana. Kwa mwenye hekima niliwaachia waseme wao. Binti mmoja wa kiti cha nyuma akasema, "Anajua halafu hasemi."

Nilimpa alama zote. Ningefanya nini.

Jioni nilikutana na Bibi Lukia kwenye njia ya kisimani, amebeba ndoo ndogo. Njia nyembamba, mihogo huku na huku. Alisimama pembeni akingoja shikamoo yangu. Miaka kumi na moja nimempa shikamoo kwenye njia hiyo, na yeye huitikia kwa kirefu na kuuliza watoto, mvua, mguu wa Skola. Nilipita. Nilitazama viatu vyangu.

Nyuma yangu nikasikia, "Marahaba, mwanangu."

Ameitikia salamu ambayo sikutoa.

Jumamosi, 15 Machi

Nyumba yetu iko juu, ya Bibi iko chini. Kila asubuhi moshi wake hutangulia wote. Leo haukuwapo. Labda moto umezimika na hana pa kuomba.

Mvua kubwa mchana. Nitashuka kesho.

Jumapili, 16 Machi

Hakuna moshi.

Skola anasema jana kabla ya mvua alisikia sauti bondeni. Sauti ya nini? Hakutaka kusema. Alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Nikamwambia huenda ni mbuzi. Tukakubaliana ni mbuzi, watu wazima wawili.

Mlangoni kwa mwenyekiti wa kitongoji walikuwepo wanaume sita. Hakuna aliyemtaja. Ukimtaja umeuliza, ukiuliza umemjali, ukimjali umeungana naye. Tulizungumzia bei ya mbolea.

Sikushuka.

Jumatatu, 17 Machi

Bi Rukia ameshuka. Saa nne asubuhi, kweupe, na mtungi wa uji. Naye amefunga. Tulimwona kutoka dirisha la ofisi ya walimu, shule nzima ilimwona. Akapiga hodi ikasikika mpaka huku. Hodi tatu. Kisha akasukuma mlango.

Jioni Bi Rukia alinisimulia kwa simu: Bibi alikuwa ameanguka tangu Ijumaa. Nyonga imevunjika. Alijikokota mpaka kizingitini na hapo ndipo alipoita, Jumamosi. Aliita majina. Bi Rukia hakuniambia majina gani na mimi sikumwuliza.

Akatafuta pikipiki, madereva wakakataa. Akafungua toroli lake la kubebea magunia. Amemsukuma mwenyewe mpaka barabara kuu, kanga imemfunguka kichwani, na sisi tunatazama. Barabarani lori la mihogo likawachukua. Dereva mgeni, hakujua sheria zetu.

Nilikuwa na kipindi. Nilifundisha.

Jumatano, 19 Machi

Amekufa hospitalini, saa kumi na moja alfajiri. Nimonia, wanasema. Bi Rukia alikuwa naye. Ndiye aliyempigia simu Milembe, binti wa Geita.

Nimetapika. Skola alinishikia beseni. Hakunipa pole.

Ijumaa, 21 Machi

Tumezika.

Masanja alipiga filimbi mapema: kutengwa kumeisha, marehemu hana ubaya. Basi wakaja wote. Wakalia kwa sauti, wanawake wakagaagaa. Watu walewale. Mimi pia nilibeba mchanga.

Wasifu uliandikwa na Milembe kwenye karatasi ya daftari. Masanja akaitwaa, akanipa. "Soma wewe, Mwalimu."

Nikasoma. Alizaliwa Shinyanga. Alihamia huku na mumewe wakafyeka pori. Alizaa sita, amebaki mmoja. Alizalisha wake za watu bila malipo. Nikafika mwisho, na sikukaa. Nikasema. Nikasema kura zilikuwa hivi: Masanja kumi na nne, Lukia tisa, Rukia nane. Nikasema niliunganisha mimi. Nikasema mimi ndiye nimemuua.

Masanja hakunitazama, aliutazama umati kuona nani anamtazama. Hakuna aliyemtazama. Wote walikuwa wamemgeukia Bi Rukia.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Alikuwa amesimama upande wa wanawake, kanga mbili, midomo imekauka kwa saumu. Nane. Nilikuwa nimemtangaza mbele ya kaburi kuwa mbaya anayefuata, na nilikuwa najisikia mwepesi, shujaa, mpaka nikaona uso wake.

Milembe alinifuata kwenye mihogo. Mwembamba, ana macho ya mama yake kabla ya moshi. "Yaandike hayo uliyosema. Tia sahihi." Nikaandika juu ya goti. Anaipeleka polisi kesho. Hakusema asante na hakunitukana.

Jumamosi, 22 Machi

Kaka zake Bi Rukia wamekuja na lori. Usiku wa jana mtu alimwekea hirizi na kichwa cha kuku mlangoni kwa mashine. Wamefungua boliti kuanzia asubuhi. Nilikwenda kusaidia, kaka mkubwa akanizuia kwa mkono.

Bi Rukia alikuwa anakunja magunia matupu. Nikamwambia nilitaka kusema kweli.

Akasema, "Kweli ile ilikuwa na jina langu ndani, Mwalimu. Ungepita kwanza kwangu. Ungeniuliza tu, Rukia, nikiseme hiki? Ningekwambia subiri niondoke, kisha ukaseme yote." Akakunja gunia jingine. "Mimi nilikuwa nazijua hizo nane. Watu wananiletea mahindi kila siku, nisijue?"

Nilisimama pale kama kigingi.

Lori liliondoka saa nane. Mashine ilikuwa imefunikwa turubai, imefungwa kamba kama ng'ombe wa mnadani. Watoto walilikimbiza mpaka kwenye daraja.

Masanja alinikuta njiani nikirudi. Alinishika bega. Mkono una joto, mzito. "Uliteleza tu, Mwalimu. Helufi zile zinafanana." Alitabasamu kabisa. Ameniachilia, na mimi sikumwomba.

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda kanisani.

Skola alitoka saa mbili na debe la mahindi kichwani. Mashine iliyo karibu sasa iko njia ya kwenda Kanazi, mwendo wa saa mbili, na kupanda. Nilitaka kumpokea debe, akasema wanaume hawaanzi kubeba leo. Amerudi saa tisa. Anasema njia nzima wanawake walikuwa foleni moja, mbele yake na nyuma yake, wanalalamika. Miguu, jua, watoto waliowaacha. Wanasema mwalimu ameifukuza mashine. Anasema hakuna aliyemtaja Bibi, hata mara moja.

Polisi hawajaja. Milembe amerudi Geita na basi la asubuhi.

Unga ulikuwa bado na joto. Skola amesonga ugali, kuna dagaa na mchicha. Alikaa kando akijikanda mguu, hakutaka kula. Nilikuwa na njaa ya siku nne. Nimekula wote.