Ng'ombe wa Ukurasa wa Tisa

Jumapili, 8 Machi
Itangazwe Arusha yote, Levolosi hadi Sokon I: leo, baada ya ibada, mimi mwalimu wa Kiswahili, mwenye kitambi na tai ya mtumba, nimeshinda mnada wa kanisa. Sadaka zilikuwa za kawaida. Mkungu wa ndizi, mayai, jogoo mmoja mkorofi. Na sabuni za Dubai, maana siku hizi maduka yamejaa. Halafu mzee wa kanisa akainua kitabu kinene, riwaya ya yule mwandishi anayeogopwa hata chuo kikuu. "Hiki kinataka mwenye meno!" Watu wakanigeukia. Nikanyoosha mkono. Nikaongeza, kwa sauti ya kufika madhabahuni: "Nilishakisoma mara mbili."

Uongo. Chuoni niliishia ukurasa wa tisa.

Jumatatu, 9 Machi
Kumbe aliyekitoa ni Mama Anaeli wa Nduruma, mjane wa mwalimu mwenzangu. Kaja nyumbani na maziwa. Marehemu alikuwa akikisoma kitandani siku zake za mwisho. Mara acheke peke yake, mara alie. Akiulizwa, jibu moja: nitakusimulia nikimaliza. Hakumaliza.

"Shemeji, wewe umekisoma mara mbili. Niambie tu alikuwa anacheka nini. Na kulia."

Nikamwambia aje Jumapili. Maziwa nikayapokea. Sina haya.

Jumatano, 11 Machi
Nimeanza. Sentensi ya kwanza inaishia ukurasa wa tatu. Ukurasa wa tisa, ng'ombe anagoma kuvuka mto. Ukurasa mzima, ng'ombe tu. Nimeandika pembeni kwa penseli: "Ng'ombe = taifa?" Kisha nikasinzia. Mchana kweupe.

Ijumaa, 13 Machi
Nimekiri kwa mke wangu. Kacheka mpaka kashika ukuta.

"Baba Ndeshi, mwambie ukweli."

"Mwalimu wa Kiswahili kashindwa na Kiswahili? Nduruma nzima ijue?"

"Basi msimulie mchezo wa redio."

Yeye alitania. Mimi nimeshatunga. Mkulima, mkewe, ukame, mwishoni wanapatana. Naona aibu hata kuiandika hapa.

Jumapili, 15 Machi
Nimemsimulia Mama Anaeli. Ameridhika. Yameisha.

Jumatatu, 16 Machi
Hayakuisha. Kilichotokea kweli jana ni hiki.

Nilisimulia vizuri mno, hadi kwa mikono. Alifuta machozi. "Kwa hiyo alililia ule ukame?" Nikasema ndiyo. Akanishukuru. Akasema atawasimulia watoto siku ya kuweka msalaba kaburini, ili wajue baba yao alikuwa akiwaza nini.

Kaburini. Uongo wangu, mbele ya mchungaji na watoto.

"Mama Anaeli, sijakisoma. Nimefika ukurasa wa tisa. Hadithi hiyo nimeitunga mimi."

Jikoni mke wangu akaacha kuosha vikombe.

"Na maziwa yangu ukanywa."

Nilitazama viatu vyangu. Alivuta khanga yake, nikajua anaondoka. Hakuondoka.

"Haya, soma. Kwa sauti. Tangu mwanzo."

Nikasoma, mwalimu mzima, jasho likinitoka kama mtoto wa darasa la pili. Ile sentensi ndefu ilinikata pumzi mara nne. Nilipofika kwa ng'ombe, akanishika mkono. Alikuwa anacheka. Ng'ombe wa mahari yake, akasema, aligoma mtoni hivyohivyo, akageuka, akamburuta bwana harusi. Marehemu alifika kwa wakwe amelowa mpaka kofia.

"Ndicho alichokuwa anacheka," akasema. "Na hakuniambia, mjinga yule!"

Kisha akalia, nasi tukamwacha alie.

Leo nimechukua raba nikafuta maneno yangu ya penseli. Atakuja tena Jumapili. Tumefika ukurasa wa kumi na mbili. Alichokililia bado hatujakifikia.