Mgongo Ambao Sikuuangalia

Mama,

Baba alianguka. Nakuambia mwanzoni kabisa. Aliteleza uani kwa mdogo wangu Shija, Mkolani, akavunjika nyonga. Hospitali walimwekea vyuma, wakamruhusu. Wiki ya tatu sasa yuko kitandani, chali.

Jumapili nilivuka kutoka Sengerema kumwona. Nilipotaka kufunua shuka, alilikamata.

"Niache, mwanangu. Binti yangu asinione hivi."

Wewe pia ulinisihi hivyo baada ya kiharusi: "Niache nipumzike, umechoka na wagonjwa wa watu." Nami, muuguzi, ninayegeuza wagonjwa wodini kila baada ya saa mbili, nilikutii. Nilikulisha uji, nikakuchana nywele, nikawahi kivuko. Kidonda chako cha mgongoni, cha kulala bila kugeuzwa, nilikigundua kwa harufu. Kwa harufu, Mama! Kilikuwa kimefika mfupani, na ndicho kilichokuondoa.

Safari hii sikuondoka. Nilimwita Shija, mimi nikasimama nyuma ya pazia.

"Mlaze ubavu, ule wa mguu mzima. Tazama pale uti wa mgongo unapoishia."

"Pana alama, nyeusi kuliko ngozi yake. Haijachubuka."

"Weka mgongo wa kiganja. Pana joto?"

Nilisikia Baba akihema.

"Pana joto, dada. Na pagumu. Ngoja nipasugue na mafuta."

"Usisugue! Utaharibu nyama ya ndani!"

Nilimfokea mdogo wangu kama mwendawazimu. Akanijibu taratibu, "Dada, huyu siyo Mama. Bado hatujachelewa. Nielekeze."

Nikamwelekeza. Amgeuze kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, amwinue, asimburute kwenye shuka. Mto katikati ya magoti, mwingine chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Akilowa, akaushwe papo hapo. Ale mayai, maharage na maziwa, hata akinuna.

Niliporudi kazini nilipiga simu mara nne kwa siku. Siku ya tatu alama ilikuwa vilevile. Siku ya tano Shija hakupatikana kabisa. Nilimwomba mwenzangu anishikie zamu, nikakimbilia kivukoni, nimesahau hata kuvua sare.

Nilimkuta uani anafua mashuka.

"Simu imezima, umeme umekatika tangu jana," alisema. "Lakini joto limekwisha, dada. Pamelainika."

Nilikaa pale pale kwenye maji ya povu, nikalia mpaka mke wake akatoka kuuliza nani amekufa.

Baba hajapona. Ngozi ile inaweza kubadilika tena wiki hii, na kila simu ikilia moyo unanipasuka. Ila sasa saa ya kugeuzwa ikipita, Baba mwenyewe humwita Shija, tena kwa ukali.

Mama, nilikuheshimu vibaya. Nakuahidi: mgonjwa akiniambia nimwache, nitamtafutia mikono asiyoionea haya, lakini mgongo wake utaangaliwa.

Lala, Mama yangu. Naingia zamu.

Mwanao,
Milembe