Meneja Amehamia Kyimo

Mama yangu,

Tumehama. Nimeona nikuambie mimi mwenyewe, usije ukatutafuta kule kambini ukakuta mlango umeng'olewa na mtu usiyemjua anakuuliza wewe ni nani. Kiwanda cha chai kimeuzwa. Yale mliyokuwa mkinong'onezana kwenye zamu, kwamba serikali itakiachia na atakuja mwekezaji, yalitimia hata udongo wa kaburi lako haujakauka. Wengi tumepunguzwa kazini, na nyumba za kambi tukaambiwa tuziache wazi. Nikafunga vyombo vyako na vyangu, nikamshika mjukuu wako Subira mkono, tukaja Kyimo.

Tumepanga vyumba viwili nyuma ya duka la mama mmoja anayeitwa Mama Zuhura. Ni Mwislamu, mjane kama ulivyokuwa wewe. Anauza mafuta ya taa, sabuni na mahindi. Mimi nauza mitumba sokoni. Nyumba ni nzuri, haivuji, na unajua kwetu huku nyumba isiyovuja si kitu kidogo. Lakini Mama, iko barabarani. Malori ya kwenda Malawi yanapita mbele yake mchana kutwa, yakishuka mteremko vikombe vinagongana kabatini. Kambini gari likipita watoto walitoka kulishangaa. Hapa mtoto akitoka mimi roho inaruka.

Na Meneja tumekuja naye. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya kuniuliza kama nimekula. Meneja wa kweli ameshaondoka na mizigo yake. Huyu paka wako mweusi, uliyempa jina hilo kwa sababu anashinda amelala na bado anataka kula wa kwanza, nilimtia kwenye tenga, nikalifunika kwa kanga, akalia kwenye pikapu njia nzima mpaka dereva akaniomba nimpoze.

Nilifanya kama ulivyofanya tulipohamishwa kutoka kambi ya chini kwenda ya juu. Ulisema, "Paka hahami na watu, anahama na nyumba. Mpe muda aamini kwamba nyumba ni hii." Basi nikamfungia ndani. Nikamwekea sweta lako la kijani pembeni mwa kitanda, sijalifua, bado lina harufu ya moshi na ya majani ya chai. Nikamwekea karai la majivu. Siku za kwanza alikaa chini ya kitanda, macho tu. Halafu akatoka, akanusa kila mguu wa meza, akajisugua kwenye kila kona, akapanda dirishani kutazama migomba. Muda ulipita, akaamini. Mimi ndiye sikuamini.

Mama, sijui nikuelezeje. Ile asubuhi ulitoka mlangoni umejifunga kanga mbili kwa ajili ya baridi, ukasema unakwenda zahanati kupima kifua, utarudi kabla uji haujapoa. Nikaufunika uji. Tangu hapo kiumbe chochote kikivuka kizingiti mimi naona hakirudi. Nilifunga madirisha. Subira nikamkataza hata kucheza uani na Zuhura, binti wa mwenye nyumba. Nikienda sokoni namchukua, anashinda amekaa juu ya furushi la mitumba. Nikirudi nahesabu: mtoto, paka. Wapo. Nafunga komeo.

Meneja akaanza kulia mlangoni. Alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akakwaruza ubao hadi ukatoa nyuzi, akakojolea furushi la makoti niliyokuwa nimeyapanga kwa kuuza. Siku moja Subira akaniuliza, "Mama, Meneja amefanya kosa gani?" Nikamwambia hana kosa. Akauliza, "Na mimi?"

Siku hiyo nikaamua nimfungulie. Na siku hiyohiyo ndiyo nikaiona sahani.

Nilikuwa nimekwenda kuchota maji, mlango wa ghala la mahindi la Mama Zuhura uko wazi. Pembeni, chini, kuna kisahani chenye usipa wa Kyela, wale dagaa wa ziwani, waliopondwa na unga mwekundu. Unajua siku hizi kila kitu kinauzwa sokoni, hata sumu ya panya, wanakufungia kwenye karatasi kama chumvi. Niliganda pale na ndoo kichwani. Meneja na usipa, Mama! Angemaliza kile kisahani na kukilamba.

Nilikaa siku nzima nikijipa moyo. Mimi ni mpangaji mgeni, namwambiaje mwenye nyumba alinde mahindi yake vipi? Akinifukuza nakwenda wapi? Mwishowe nikaenda. Nikamweleza. Akanitazama.

"Sasa hao panya niwafanyeje, mwanangu? Niwaombe radhi?"

Nikasema nina paka.

"Yule anayelia humo ndani? Jamani! Mimi nikadhani una mtoto mchanga na hutaki watu wajue."

Alicheka, Mama. Sikuwa nimesikia mtu akicheka karibu nami siku nyingi. Akachukua kisahani, akaenda kumwaga chooni mbele ya macho yangu, akanawa mikono kwa sabuni. Akaniambia pia mbwa wa muuza nyama anafungwa mchana na kufunguliwa jioni, kwa hiyo jioni nisimwache nje. Kisha akasema, "Lakini huyo bwana akishindwa kazi, narudisha dawa yangu."

Nikaanza kumtoa alasiri, kabla hajala, maana ulikuwa ukisema paka mwenye njaa hapotei njia. Nilifungua mlango wa nyuma, ule wa kuelekea migombani, nikakaa kizingitini na bakuli lake la bati na kijiko. Alisimama mlangoni akinusa hewa, sikio moja mbele, jingine nyuma. Akatoa mguu mmoja, akaurudisha. Mara akaenda mpaka kwenye pipa la maji. Nikagonga bakuli. Akarudi mbio, mkia juu. Nikamlisha, nikafunga mlango, nikakaa chini nikihema kama niliyepanda Mlima Rungwe.

Kesho yake akafika kwenye mabanzi, lile rundo la mbao za maganda lililo nyuma ya ghala. Siku nyingine akafika kwenye mgomba wa kwanza. Kila siku mbele kidogo, kila siku nagonga, anarudi. Nikaanza kulala.

Halafu siku moja lori likafunga breki hapo mbele. Zile breki za upepo zinazotoa mlio kama nyoka mkubwa anayepumua, na juu yake honi. Meneja alikuwa katikati ya uwanja. Aliruka juu, akageuka, sikuona alikokimbilia. Niligonga bakuli. Niligonga mpaka kijiko kikapinda. Mvua ikaanza, na ukungu ukashuka juu ya migomba, na mimi nikawa nazunguka nyumba nikiita kama mwendawazimu.

Sikuweza kufikiri, Mama. Nilikuwa na wazo moja tu: amerudi kambini. Watu hawakosi kusimulia paka aliyevuka mito kurudi alikozaliwa. Akilini nikaona nyayo zake barabarani, nikaona malori. Nikamwacha Subira kwa Mama Zuhura, mara ya kwanza kumwacha kwa mtu tangu tukuzike, nikaondoka bila hata mwavuli.

Kando ya lami kila kitu cheusi kilikuwa yeye. Kipande cha tairi nilikisogelea nikikitazama kwa pembe ya jicho. Mfuko wa nailoni. Kijinga cha moto kilichozimwa na mvua. Kila mara nilisema si yeye, na kila mara nikawa na hakika kinachofuata ni yeye.

Getini kambini kuna mlinzi mpya, kijana mwenye koti jipya la mvua. Akaniuliza namtafuta nani.

"Meneja," nikasema.

"Una miadi naye?"

"Hapana. Amepotea."

Akanitazama nilivyolowa, akadhani nimerukwa na akili. Nikamwambia ni paka. Hakuamini. Nikazunguka upande wa senyenge, nikaanza kuita kwa nguvu, "Meneja! Meneja!" na dirisha la ofisi likafunguka, mzee mwenye tai akatoa kichwa. Yule mlinzi akanijia mbio, "Dada, tafadhali, utanifukuzisha kazi." Mwishowe, nadhani ili ninyamaze, akaniingiza kwa mlango wa nyuma, akaniongoza mpaka nyumbani kwetu.

Mlango hakuna. Chumba chako kimejaa mifuko ya saruji. Pale palipokuwa na mafiga yako wameegemeza mabati. Nikaita chini ya mabati, nikaita darini, hakuna. Nikasimama katikati ya chumba, na kinywa changu, Mama, bila kuniuliza, kikakuita wewe. Nikaita "Mama!" kama mtoto aliyeamka peke yake. Hakuna aliyejibu, mvua tu juu ya bati. Yule kijana aligeukia ukutani mpaka nilipomaliza. Hapo ndipo nilipojua kwamba humo hamna mtu. Si paka, si wewe. Nilikuwa nimefika mwisho wa hofu yangu, nikakuta mifuko ya saruji.

Nilirudi jioni inaingia, na nilikuwa nikifikiria mbwa wa muuza nyama. Mama Zuhura alinipokea uani, kidole mdomoni. "Usikimbie. Njoo polepole."

Subira na Zuhura walikuwa wamelala kifudifudi kwenye matope mbele ya rundo la mabanzi. Ndani kabisa, kwenye giza, macho mawili. Hakuwa amekwenda popote. Alipoogopa alitafuta tundu la karibu, akaingia, akanyamaza. Mimi nimepita hapo mara ngapi nikipiga kelele, na kelele zangu ndizo zilizomsukuma ndani zaidi.

Nikapiga magoti, nikamwita. Akarudi nyuma. Nikagonga bakuli kwa haraka, likasikika kama kengele ya moto. Akarudi nyuma tena. Mama Zuhura akasema kwa upole, "Anakusikia unavyoogopa." Nikakaa. Nikajaribu kukumbuka wewe ulimwitaje ukiwa peke yako naye. Meneja lilikuwa jina la kuchekesha wenzako. Jikoni, ukimpa maziwa, ulisema naye kwa Kinyakyusa, chini chini, kama unaongea na kidonda. Nikaweka shavu langu kwenye matope, nikasema, "Isaga. Isaga." Njoo, njoo.

Sauti iliyotoka ilikuwa yako. Niliogopa kinywa changu mwenyewe. Subira alinigeukia, macho yamemtoka. Na ndani ya mabanzi kitu kikasogea, akatoka polepole, tumbo linaburuza chini, ana utando wa buibui masikioni, akaja akasukuma kichwa chake kwenye shingo yangu.

Nilimweka ndani siku kadhaa, apumzike, na mimi nipumzike. Kisha nikafungua mlango tena, alasiri, na bakuli na kijiko kipya. Mama Zuhura alikuwa na mpango wa kupasua yale mabanzi kuwa kuni, nimemwomba ayaache, maana kila mwoga anahitaji tundu la karibu. Amekubali. Sasa Meneja anashinda ghalani juu ya magunia, na panya wanazikwa bila sumu. Upande wa barabarani haendi. Ile honi imemfundisha kuliko mimi. Jioni kabla mbwa hajafunguliwa anaingia mwenyewe. Sikio lake moja limechanika, sijui aligombana na nani. Anaonekana analionea fahari.

Lakini sikukaa kukuandikia kwa ajili ya paka tu. Shule iko ng'ambo ya barabara, Mama. Subira alistahili kuanza na wenzake na mimi nilitafuta kila sababu: anakohoa, viatu havijapatikana, mvua. Mama Zuhura hakunigombeza. Alisema tu, "Huyo naye anakwaruza mlango, mwanangu. Husikii?"

Basi nimemfundisha kama nilivyomfundisha Meneja, au kama Meneja alivyonifundisha. Siku ya kwanza tulikwenda mpaka ukingoni mwa lami, tukasimama, tukasikiliza, tukarudi nyumbani. Kisha tukavuka pamoja na kurudi. Kisha akavuka mbele, mimi nyuma. Anajua lori linalopanda lina sauti gani na linaloshuka sauti gani, huwezi kumdanganya. Leo asubuhi amekwenda na Zuhura, wameshikana mikono. Kulia, kushoto, kulia tena. Nilishika nguzo ya duka kwa mikono miwili. Walipoingia kwenye ukungu nikawa naona sweta zao tu, halafu sikuona kitu, halafu nikasikia wanacheka upande wa pili.

Bado naogopa, Mama. Sitakudanganya ukiwa huko uliko. Naogopa nikiandika hapa, lori limepita sasa hivi na herufi zimetikisika. Labda hofu hii haitaondoka, itakuwa kama mvua ya Tukuyu, mtu anaishi nayo na kazi anafanya. Lakini nakuahidi: mtoto wa mtoto wako hatafungiwa ndani kwa sababu wewe hukurudi.

Pumzika sasa. Kaburi lako nalipalilia, maua uliyoyapenda yameshika. Kwa heri, Mama, ndaga fijo, asante sana, kwa yote.

Shule inakaribia kutoka, najifunga kanga. Nimemwambia Subira sitavuka kumfuata. Nitasimama upande huu, naye atasikiliza mwenyewe na kuvuka. Na wewe nakuahidi hivyohivyo. Nitasimama upande huu.

Mwanao,
Atupele