Jumanne Ambazo Mfumo Hukwama

Tanga, Alhamisi, katikati ya Machi. Manyunyu tangu alfajiri. Mwaka huu natimiza miaka arobaini na mmoja tangu niondoke kijijini kwetu Ndandalo, na wiki nzima nimekuwa huko kwa simu.

Tusekile, binti wa mdogo wangu, ni karani wa mapokezi katika kituo cha afya huko huko kwetu, upande wa Ipinda. Mwezi uliopita mfumo wao wa kompyuta uliwekewa toleo jipya. Tangu hapo, baadhi ya Jumanne, siku ya kliniki ya presha, skrini za maabara na za dawa huganda, kisha huandika "muamala umeshindikana", na taarifa zilizoingizwa hupotea. Bibi mmoja alitolewa damu mara mbili kwa sababu majibu ya kwanza hayakuhifadhiwa. Jumanne nyingine, shwari kabisa.

Mafundi waliokuja hawakuona kosa. Wakasema karani ni mzembe. Mganga mfawidhi akampa barua: ajieleze kabla ya Ijumaa, la sivyo anaondolewa kazini.

Nilitunza kanzidata, yaani hifadhi za taarifa za kompyuta, maisha yangu yote ya kazi. Kosa linalokuja na kuondoka mimi huanza kulitafuta kwenye saa. Nikaomba kumbukumbu za mfumo, nikazisoma kwa miwani miwili.

Toleo la zamani lilikuwa likishika taarifa pale tu unapobonyeza "hifadhi". Hili jipya linashika orodha nzima ya wagonjwa wa siku hiyo mara unapofungua faili moja, na haliiachii mpaka uhifadhi. Ukiliacha faili wazi, wenzako wote wanasubiri, na wakisubiri mno, mfumo unatupa walichoandika.

Kila mara, faili lililoachwa wazi lilikuwa kwenye mashine ya Tusekile. Dakika kumi na nane. Dakika ishirini na tano.

Nilikosa raha. Ushahidi wangu ndio ungemfukuzisha kazi.

Jana mchana nikampigia. "Mwanangu, huwa unakwenda wapi?"

Nilisikia mvua kwenye bati lao.

"Baba mkubwa, na wewe si Mnyakyusa? Anayekuja kupima presha ni nani?"

Nikaelewa: ni baba mkwe wake.

Kwa mila ya kwetu, mkamwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hatamki jina lake, humpisha njia. Wengi wameacha, ukoo alikoolewa haujaacha. Mzee akitokea mlangoni, Tusekile hutoka kwa mlango wa nyuma, na kazi aliyoianza hubaki pale pale. Hurudi mzee akishaondoka. Mafundi hakuwaambia, maana wangemcheka.

Mimi nilicheka. Kisha nikaona aibu, kwa sababu ujanani niliidhihaki mila hiyo mbele ya mama yangu.

Nikaandika taarifa fupi ya kupelekwa kwa mganga mfawidhi: programu isishike orodha ya watu wote kwa sababu mtu mmoja amesimama. Kwa nini amesimama, sikuandika. Nikamwambia Tusekile hilo ni lake kulisema.

Leo asubuhi amelisema. Mganga mfawidhi, mtu wa Singida, alisikiliza mpaka mwisho. Mtoa dawa, kijana wa Musoma, akashindwa kujizuia: "Kumbe kirusi chetu kina kofia na fimbo!" Wakacheka wote, na Tusekile naye. Barua imefutwa. Mpaka programu irekebishwe, mzee ameahidi, kupitia mwanawe, kukohoa akiwa bado getini ili mkwewe ahifadhi kwanza.

"Ndaga fijo, baba mkubwa," ameniambia, yaani asante sana. "Sasa njoo nyumbani. Mafundi wakija tena, uwe hapa. Chumba kipo."

Nimemjibu tutaona, kama ninavyowajibu ndugu zangu kila mwaka.

Hapa niseme kweli. Mkamwana wangu, mwenyeji wa Lushoto, ninayeishi kwao hapa Tanga, ndiye anifungaye mkanda wa kipimo cha presha mkononi kila asubuhi, huku akinigombeza kwa ajili ya chumvi. Tangu mke wangu afariki, ni yeye anayejua ninavyolala na ninavyoamka. Nikihamia Ndandalo, siku atakayokuja kunijulia hali, ndugu zangu watamtaka azunguke nyuma ya nyumba. Atazunguka, kwa heshima yangu. Nami sitaki azunguke.

Kesho nitampigia Tusekile nimwambie wazi, chumba wampe mtu mwingine.

Sitarudi.