Mbawakawa wa Maktabani

Kazanlak, Juni

Kaka Rumen mpendwa,

Pilipili zimeshika, na paa halivuji tena.

Jana nilisimama maktabani kuwaonyesha watu wadudu wangu, mara ya kwanza tangu kile kiharusi. Nikamwinua mbawakawa, ulimi ukakwama. Nilitamani kukimbia.

Bibi Stoyna, aliyekaa mbele, akasema, “Taratibu, mwanangu. Huyo mdudu hana haraka, na sisi hatuna pa kwenda.”

Watu wakacheka, nami nikacheka, neno likatoka. Nikazungumza saa nzima! Stoyna alimbeba mbawakawa begani mpaka mlangoni, hataki kumrudisha.

Kwa hiyo kile chumba ulichonitayarishia huko kwako, mpe mwanao. Mimi nabaki hapa. Jumamosi nitawaeleza habari za nyuki.

Dada yako mwenye maneno mengi,
Zdravka